Nundu Kwenye Mstari

Mchomeleaji aliingia maabara akimburuta shemeji yake kwa ukosi wa shati, nondo mkono wa pili. Shemeji huyo ndiye mfamasia aliyemdunga dada yake mwenyewe, mke wa mchomeleaji, sindano ya mwisho kabla hajafa. Uso wake ulikuwa damu tupu, taya limekwenda upande.

Asubuhi ile mkuu wa maabara alikuwa amewaambia wafiwa kwamba grafu ya kipimo cha dawa ya sindano ile imeonesha nundu, yaani kuna kitu kigeni. Mchomeleaji hakungoja neno la pili. Sasa alitaka kuoneshwa hiyo sumu, kisha ammalize mtu wake mbele ya mashahidi. Mkuu alipojaribu kumshika, nondo ilimpata begani, akaanguka juu ya chupa zikapasukia mgongoni mwake.

Akabaki mpimaji, binti aliyetoka chuo juzijuzi. Akasogea kwenye mashine ya kupimia.

"Kaka, hiyo nundu siiamini. Niache niingize maji matupu. Ikija tena, si ya dawa."

"Mnalindana tu nyie wa makoti meupe."

Alimweleza taratibu. Kimiminika kinachopita kwenye mashine kina chumvi maalumu, ambayo hujibandika ndani ya bomba la kutenganishia na kuishika dawa. Mkuu, kwa haraka zake, aliyeyusha dawa kwenye maji badala ya kimiminika hicho, wala hakuyapima maji peke yake kwanza. Maji yakipita humo, chumvi inavurugika, na mstari wa grafu unaruka hata pasipo dawa.

"Kunywa hayo maji," mchomeleaji akaamuru.

Akanywa, yaliyobaki akayaingiza.

Mstari ulitambaa umenyooka. Mchomeleaji akaweka kiatu juu ya vidole vya shemeji yake, akaegemea. Mifupa ikalia.

"Nundu iko wapi, binti?"

"Bado haijafika. Ondoa mguu."

Aliinua nondo badala ya mguu. Hapo mstari ukapanda: nundu ileile, mahali palepale.

Binti hakungoja ruhusa. Akayeyusha dawa upya, safari hii kwenye kimiminika chenyewe, akaiingiza. Mstari ukalala, ukasimama mara moja tu, pale pa dawa, ukalala tena. Hapakuwa na kitu kigeni.

"Basi nani kamuua mke wangu?"

"Sijui, kaka. Ila sumu humu hamna."

Nondo ikaanguka. Mchomeleaji akachutama, akapitisha mikono chini ya shemeji yake ili amwinue. Shemeji akang'ang'ania mguu wa meza kwa mkono uliobaki mzima, akatikisa kichwa. Taya halikumruhusu kusema.

Mpimaji akavua koti lake, akaufunga ule mkono mwingine, akakaa sakafuni na kukipakata kichwa cha mfamasia.

"Atanikubali mimi," alisema. "Wewe kaite gari."

Mchomeleaji akatoka mbio hadi barabarani, akisimama mbele ya kila gari, mikono yenye damu juu, akiomba wamsaidie, kaka wa mke wake anakufa.