Vishikio vya Waya wa Shaba

Damaris alikinyanyua kipande cha waya wa shaba kwa kibano, akakitia tone la gundi, akakipenyeza kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa kichwa kidogo cha treni kilichokuwa mezani. Uani, wanawake walikuwa wakikuna nazi na kuitana kutafuta miiko. Mwili wa baba yake ulikuwa njiani kutoka mochari ya Malindi.

"Bado uko humu?" Shangazi Kadii alisimama mlangoni, leso kaifunga kiunoni. "Watu wanauliza binti wa marehemu yuko wapi."

"Nakuja, shangazi."

"Nao wanaona kuwa hujalia."

"Najua."

Alijua, na kujua kwenyewe hakukumgusa. Simu ilipopigwa alikuwa saluni kwake Mtwapa, ameushika mkono wa mteja, rangi ya kucha haijakauka. Alimaliza kazi ile vizuri, akaosha brashi, akafunga mlango, ndipo akaja nyumbani Ganda. Tangu hapo alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake mpaka ukafa ganzi: anauona, lakini si wake. Walipomuuliza kuhusu kitambaa cha jeneza alisema sawa. Walipomuuliza kuhusu picha ya kutangulia mbele ya msafara alisema sawa. Na kaka yake, Pola, aliposema kile kichwa cha treni kingezikwa pamoja na mzee, alisema sawa vilevile. Kwa kuwa kilikuwa hakijakamilika, akaona bora akimalize.

Kilikuwa cha mfano, kirefu kidogo kuliko kiganja, cha dizeli. Baba yao, Mzee Joram Sanga, alikinunua kwa Mzungu mmoja wa Watamu aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Kilikuwa kikuukuu, mota imekufa, na kilifanana na treni za huko Ulaya, si ile aliyoiendesha yeye miaka yote kutoka Mombasa kwenda bara. Basi mzee akaanza kukibadilisha. Alikata pua yake akaunda nyingine ya bati. Alikwangua vishikio vya plastiki, vilivyokuwa michirizi tu iliyochorwa ubavuni, akaweka vya waya, vimesimama mbali na bodi kama vya kweli. Alitengeneza ngazi ambazo sisimizi angeweza kuzipanda. Alipofariki, kilichosalia kilikuwa vishikio vya upande wa kushoto, rangi, na mota, ambayo aliipeleka mjini kwa Mahadhi, fundi wa redio.

Damaris alipaka rangi jinsi alivyopaka kucha: pumzi imezuiwa, brashi imelazwa. Mkono haukutetemeka. Alitamani utetemeke.

Mahadhi alifika kabla ya adhuhuri, kofia mkononi, mfuko wa karatasi kwapani.

"Makiwa, mwanangu."

"Yamepita. Shikamoo, Bwana Mahadhi."

"Marahaba." Aliutoa mfuko. "Mota yake hii. Nimeifufua, na taa nimeweka. Nilikuwa nimpelekee juma lililopita, nikasema bado ipo nafasi." Alikitazama kichwa cha treni mezani. "Masha'Allah. Gerishom atafurahi."

"Gerishom gani?"

"Hakukwambia? Msaidizi wake, aliyekuwa akiendesha treni pamoja naye. Yuko Mariakani. Macho yamekwisha kabisa, haoni hata mwanga wa jua. Baba yako aliniambia, 'Mahadhi, nataka nimpe treni yetu aishike.' Ndiyo maana akang'oa ile michirizi. Kidole hakioni mchirizi."

Damaris alikiangalia kishikio alichokuwa amekigandisha asubuhi ile. Alidhani mzee alitaka urembo tu.

Mahadhi alikaa akaifunga mota mahali pake. Damaris akatoka kumtafuta Pola, akamkuta akipanga viti chini ya turubai.

"Hakiingii kaburini," alisema.

"Kitu gani?"

"Kichwa cha treni."

"Damaris, nishamwambia mchungaji. Ameshakiweka katika mahubiri yake."

"Mwambie akitoe."

Pola alimkazia macho, akitafuta hasira au machozi, kitu cha kumjibia. Hakukiona. "Kwa nini?"

"Kina mwenyewe."

 Pola aliweka chini kiti alichoshika, akaenda kwa mchungaji.

Gerishom alifika mwili ukiwa umeshafika, akiongozwa na mkewe, suti imemlegea mabegani. Aliomba apelekwe kwenye jeneza, akalipapasa kwa kiganja kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuwepo kaburini wakati udongo unamwagwa. Damaris alitupa wa kwake. Ulikuwa mkavu, ukamponyoka haraka.

Watu walipokwenda kula, alimfuata mgeni yule alipokuwa ameketi, akamwekea kile kichwa cha treni mikononi.

"Baba alikutengenezea wewe."

Gerishom hakuuliza ni nini. Vidole vilishaanza safari. Vilipanda ngazi, vikafika mlangoni, vikazunguka pua, vikahesabu madirisha. Alitabasamu kidogo, kisha akasita.

"Hiki kishikio cha kushoto, nani kakiweka?"

"Mimi. Leo."

"Kimenyooka." Alisema taratibu, kama mtu asiyependa kulaumu. "Chetu kilipinda. Tuligonga nyati mbele ya stesheni ya Maungu. Joram alikataa kisinyooshwe, alisema ndicho kinachomwonyesha kwamba hajapanda treni ya mtu mwingine. Unaniruhusu?"

"Ni chako, mzee."

Alikibana kwa dole gumba akakisukuma. Waya ulijikunja, rangi ikapasuka na kudondoka juu ya ukucha wake. Alijaribu tena kwa kidole, akaridhika.

"Na rangi? Umepaka ipi?"

"Damu ya mzee," Damaris alisema, na sauti ikamkatikia hapo. Lilikuwa jina la rangi tu, alilitamka kila siku saluni. "Na mstari wa manjano."

"Ndiyo yenyewe," Gerishom alisema.

Pola alileta ubao ambao baba yao alikuwa ameupigilia reli ndogo, akaulaza juu ya meza ya chakula baada ya kusogeza sahani. Mahadhi akaunganisha betri, akampa Damaris swichi. Gerishom aliweka viganja vyake viwili mwisho wa reli, vimefunguka.

Damaris alibonyeza. Taa ndogo ikawaka, hafifu katikati ya mchana. Kichwa cha treni kilitikisika, kikaanza kwenda, polepole, kikipita ukoko wa wali na glasi za maji, mpaka kikafika viganjani. Hakikusimama. Magurudumu yaliendelea kuzunguka papo hapo, yakivuma, yakisukuma mikono ya Gerishom, naye hakuiondoa.

"Nizime?" Damaris aliuliza.

 Kidole chake kikabaki juu ya swichi bila kuibonyeza.