Maji Yaliyomtoka Lipangile

Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na Lipangile alikuwa akisinzia.

Ulikuwa mpunga wa kwanza kuiva katika shamba lile tangu vita. Baada ya watu kushindwa, Wajerumani walichoma maghala bonde zima, toka Kiberege hata ng'ambo ya mto, na njaa ikaingia. Watu walikula mizizi ya porini, kisha wakala mbegu. Mboni, mke wa Lipangile, hakula mbegu. Alizitia ndani ya chungu akazifukia, akawanyima watoto wake mwenyewe, na mmoja akamfia hali chungu kimo ardhini. Kwa hiyo mama yule hakuutazama mpunga kama watu wengine wanavyoutazama mpunga.

Kazi ya mumewe ilikuwa moja tu. Akae juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti katikati ya shamba lililofurika, aamie ndege kwa kuvuta kamba za vibuyu vya kuwatisha kuanzia alfajiri hadi jua lizame, na akiona nguruwe apige kelele. Mboni alilinda upande wa nchi kavu, kwenye kichuguu kikubwa walikolala watoto. Lakini kwelea walishuka upande wa Lipangile wakala mpaka wakashiba, naye amekaa macho nusu, mkono umelegea juu ya kamba za vibuyu. Siku iliyofuata nguruwe nao wakaingia.

Mboni alipanda dunguni. Akaingiza mkono chini ya makuti, akatoa kifundo cha kitambaa, akakitupa majini. Kisha akashuka mtumbwini, akashika upondo.

"Mtumbwi naondoka nao," alisema. "Uji nitakuletea. Ukitaka kwenda kwa Makame, ogelea na mamba."

Ndani ya kifundo kile mlikuwa na kasumba, ile afyuni ya kutuliza maumivu.

Aliyempa Lipangile kasumba hakuwa adui yake. Siku watu walipolishambulia boma la Mahenge, risasi ilimwingia nyongani, akajikokota na kubebwa hadi Ifakara. Huko Makame, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alimficha nyuma ya marobota ya nguo wakati askari wakipekua nyumba kwa nyumba. Mtu aliyefichwa hana ruhusa ya kupiga kelele. Makame akamkatia kasumba aliyokuwa nayo kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe, kipande kama punje ya mtama, na maumivu yakanyamaza. Jeraha lilifunga. Risasi ilibaki ndani, na kasumba nayo ikabaki.

Alikwisha kujaribu kuiacha. Kila alipojaribu, maji yalimtoka. Na Lipangile alijua sababu, au alidhani anaijua, na sababu hiyo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Kabla ya vita alikunywa maji ya dawa pamoja na wenzake, yale yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi kuwa matone. Mjumbe aliyeyaleta aliwawekea miiko, na mmoja wa miiko hiyo ulikuwa huu: ukishaanza kwenda mbele, usigeuke nyuma. Pale Mahenge, mdogo wake alimwita kwa jina. Lipangile aligeuka. Risasi ikampata wakati uleule, naye hakumwona mdogo wake tena. Tangu siku hiyo aliamini kwamba maji yale yamo mwilini mwake yakiwa na hasira, yanatafuta pa kutokea, na yakitoka yote atakufa. Kasumba peke yake ndiyo iliyoyatuliza. Aliamini na jambo jingine zito zaidi: kwamba huenda walishindwa wote kwa sababu yake.

Basi alibaki dunguni, maji pande zote.

Kwanza ilikuja miayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka taya likamuuma. Kisha macho yakaanza kutiririka, na kamasi, na jasho, hali malaika ya mwili yamemsimama na ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Tumbo likasokota likafunguka. Miguu ilirusharusha mateke yenyewe, na nyonga ile iliyolala kwa muda mrefu ikaamka na kumdai haki yake. Mboni alipoleta uji aliutapika wote. Mkewe alimfuta, akamtazama kwa woga, na kwa mara ya kwanza akasema labda akamtafute mganga. Lipangile akamkatalia. Mganga angeuliza kuhusu miiko.

Mboni alipokwisha kurudi kichuguuni kwa watoto, Lipangile hakustahimili tena. Akaita.

Hakumwita mkewe. Alimwita mtu wa dungu la jirani, ng'ambo ya mkondo mwembamba, mtu ambaye watu wa pale hawakumsalimu. Jina lake Dionisi. Alikuwa Mpogoro wa milimani, amebatizwa na mapadre, na wakati wa vita aliwabebea mizigo Wajerumani. Alipokuja kulima bondeni alipewa kona ambayo hakuna aliyeitaka, na watu walimwita Mpagazi, ingawa jina lake walilijua vizuri.

Dionisi alikuja na mtumbwi wake. Alichechemea alipopanda ngazi.

Lipangile alimwambia ampeleke Ifakara, sasa hivi, ana shida na Makame. Dionisi alimtazama macho, akamtazama pua, akatazama miguu inayopiga mateke. Akakaa chini.

"Sikupeleki," alisema.

Lipangile akaushika mkuki wa nguruwe. Ncha ilifika kifuani pa yule mtu ikatua. "Ulizibeba risasi za Mjerumani ukampelekea mlangoni. Hii iliyomo humu ndani uliibeba wewe. Leo unashindwa kunibeba mimi?"

"Huenda niliibeba," Dionisi alijibu. Hakurudi nyuma. "Nilitwishwa sanduku. Sikuambiwa mna nini ndani, na ningeambiwa ningelibeba vilevile, maana aliyekataa alipigwa risasi mbele yetu. Nichome, kama itakupa usingizi. Haitakupa. Ninaijua shida yako na Makame, mlongo."

Mlongo ni ndugu. Hakuna mtu wa dungu lolote aliyemruhusu kulitumia neno hilo.

"Huijui."

"Ni kasumba. Mimi nilianguka na sanduku korongoni, mguu ukavunjika. Mganga wa jeshi akaninywesha afyuni, asubuhi na jioni, nisipige kelele njiani. Mguu ulipounga wakaniacha kwetu milimani kwa mama yangu kama gunia tupu, bila afyuni. Nilimtukana mama matusi ambayo siwezi kuyaungama hata kwa padri."

Lipangile alitaka kumfukuza. Badala yake, kwa kuwa mwili ulikuwa umechoka kutunza siri, maneno yakamponyoka. Alimweleza juu ya mwiko, na sauti ya mdogo wake, na jinsi alivyogeuka. Alimwambia kwamba haya si mambo ya kasumba, ni maji aliyoyakunywa yanayomtoka, na yakiisha naye ameisha.

Kwelea walipita juu yao kama wingu, na hakuna aliyevuta kamba.

"Maji hayo mimi sikuyanywa," Dionisi alisema hatimaye. "Sikuyanywa, sikunyunyiziwa, hata kibuyu chake sikukiona. Nilikuwa upande wa pili. Sasa niambie wewe: yale yaliyonitoka mimi kwa mama yangu, machoni, puani, tumboni, yalikuwa maji gani?"

Lipangile akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akautazama.

"Yalinitoka yote. Nikadhani nakufa. Sikufa." Kisha, maana Wapogoro na Wandamba, watu wa kina Lipangile, ni watani hata pale wasipopendana, akaongeza, "Na tangu lini Mndamba akaogopa maji? Ninyi si mnazaliwa mtumbwini, kitovu mnawapa kambare?"

Kicheko kilimtoka Lipangile bila idhini yake, kikamgeukia kuwa kilio. Alilia kwa ajili ya mdogo wake, jambo ambalo kasumba haikuwa imemruhusu kulifanya. Mkuki ulikuwa umelala sakafuni, wala hakukumbuka ameuweka saa ngapi.

Dionisi hakuondoka. Alivuta kamba za Lipangile, kisha akavuka mkondo akaamia ndege wake, kisha akarudi. Alimfundisha Mboni kutia chumvi katika maji ya mchele na kumnywesha mgonjwa funda dogo dogo, hata akitapika. Mboni alipomkuta mtu yule dunguni mara ya kwanza alisimama mtumbwini, kata ya uji mkononi, kama aliyeona chatu. Dionisi akamwamkia. Hakuitikia. Alitazama shamba, akaona ndege hawamo, akampa uji amnyweshe mumewe.

Kutoka madungu mengine watu walirusha maneno. Mmoja aliuliza kwa sauti kama Mpagazi amepata mzigo mpya. Dionisi akajibu kwamba amepata, tena huu unahara njiani, na ni mzito kuliko sanduku la Mjerumani. Watu walicheka kabla ya kukumbuka kwamba hawacheki naye.

Siku zilipita. Miguu ilitulia kidogo, tumbo likaanza kushika. Usingizi ndio uliokataa kurudi, na nyonga iliuma maumivu yake halisi. Hapo ndipo Makame alipokuja.

Alikuja mchana, ameketi katika mtumbwi wa kukodi, kanzu ameikunja magotini asiiloweshe. Alikuwa amesikia kwamba rafiki yake anaumwa, akaacha duka. Alimpa pole nyingi, za mtu anayezimaanisha. Kisha akaingiza mkono kifuani, akautoa umefumbwa.

"Nimekuletea," alisema.

Mwili mzima wa Lipangile uliinuka kuufuata mkono ule. Mate yalimjaa kinywani. Mtu huyu alimficha wakati kumficha kulikuwa kifo. Kukataa mkono wake kulikuwa kama kumtemea mate.

Lipangile alimshika Dionisi, aliyeketi kando yake, kiganja cha mkono, akambana mpaka kucha zikazama.

"Bwana Makame," alisema, "uliniokoa, na wanangu nitawaambia hivyo. Ninakuomba usiufumbue mkono huo. Nikikiona nitakichukua."

Makame alimtazama, akamtazama yule mpagazi, akatazama mkono wake mwenyewe kama mtu aliyegundua ameshika kitu kingine. Aliurudisha kifuani taratibu. Akasema Mungu akuafu, akuponye, akamwashiria mwenye mtumbwi ageuze.

Lipangile hakuachia kiganja cha Dionisi mpaka upondo ulipoacha kusikika. Damu kidogo ilikuwa imetoka. Kwelea walikuwa wamerudi upande wa mto, na Dionisi akamsogezea kamba.

Jioni Mboni alileta uji, akauliza yule mgeni alitaka nini.

"Alikuja kunijulia hali."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia bado naumwa, arudi na alichonacho," alisema Lipangile, akapokea kata kwa mikono miwili.