Mikungu Miwili kutoka Nyamarambe

Baiskeli ilizidi kumcheza Thadeus Nyabuto kwenye mteremko wa kwanza baada ya Ogembo. Usukani ulitetemeka, gurudumu la nyuma likarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, naye akabana breki zote mbili asijue amekosea wapi. Hii ilikuwa baiskeli yake mwenyewe, ile nyeusi ya chuma, aliyoiendesha miaka ishirini na miwili. Leo ilimkana mchana kweupe.

Vijana wenye kofia ngumu na suruali za kubana walimpita wakivuma. Walikuwa wameondoka pamoja Nyamira saa kumi na mbili asubuhi, watu tisini na kitu, wakapita Kisii mjini na kuipanda milima yote hadi Ogembo. Sasa walielekea Nyamarambe, kisha Suneka, mwisho wa safari. Saa kumi kamili mstari ungefungwa, na atakayechelewa asingeandikwa popote.

Thadeus hakutaka kikombe. Alitaka jina lake liandikwe, basi. Januari alianguka na baiskeli akalala katikati ya michai saa nzima kabla ya mtu kumwona, na tangu siku hiyo mkewe, Persis, alikuwa amekata shauri: baiskeli iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na ndizi zibebwe na pikipiki ya mwana wao, Walter. Walibishana wiki tatu. Mwishowe Persis akasema, "Sawa, Baba Walter. Kuna hayo mashindano ya Jumapili. Ukimaliza kwa saa yao, sitaitaja tena hiyo baiskeli. Usipomaliza, Jumatatu inaenda." Na Persis akisema, amesema.

Kwa hiyo alikuwa akishindania kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutoa ndizi Nyamarambe na kuzifikisha soko la Suneka. Hapo ndipo palipokuwa na shida, ingawa ilimchukua milima minne kuitambua. Hakuwa amewahi kwenda mbali na baiskeli tupu. Hata akirudi kutoka sokoni, hurudi na gunia la mahindi. Mwili wake ulizoea kuegemea mzigo, na leo kila alipoegemea nyuma hakukuta kitu. Kwenye mpando alikuwa akishuka kusukuma kabla hata hajachoka, kwa mazoea tu, halafu anakumbuka hana cha kusukuma, anapanda tena kwa aibu. Aliogopa kweli. Alijiona mgeni juu ya chombo kilichomlisha yeye na watoto wake.

Nyamarambe alifika saa saba na nusu. Mong'ina, anayemuuzia ndizi kila siku, alikuwa ameketi pale pale pake kando ya barabara chini ya mwavuli uliopasuka.

"Umechelewa," akamwambia. "Mikungu yako nimeweka kando. Hii miwili imekomaa vizuri."

"Niko kwa mashindano, Mama."

"Naona. Unayumba kama mtu amekunywa."

Thadeus aliweka mguu chini, akaitazama ile mikungu. Kichwa kilimvurugika. Karatasi ya sheria waliyopewa ilitaja kofia, ilitaja breki, ilitaja maji ya kunywa. Haikusema lolote kuhusu ndizi, na nani mwenye akili zake angefikiria kuliandika?

"Nifungie," akasema.

Mong'ina alikaza mipira ya tyubu mpaka keria ya nyuma ikalia. Thadeus akapanda, na baiskeli ikatulia chini yake. Alipofika kwenye mlima alishuka, akainamisha bega, akasukuma kwa ule mwendo wake wa kila siku usio na haraka wala kusimama. Akawapita vijana watatu waliokaa kwenye nyasi wakikanda mapaja.

"Mzee, unabeba nini?" mmoja akauliza.

"Ndizi," akajibu, akiendelea kusukuma.

Pale Suneka, hatua hamsini kabla ya mstari, kijana mwenye koti la kumetameta alimwinulia bendera nyekundu.

"Mzee, hapa hapapitiki, ni pa mashindano. Watu wa soko wanapitia kule chini."

"Mimi ni wa mashindano."

"Namba yako iko wapi?"

"Iko kwa keria."

Kijana akachungulia. "Naona ndizi."

"Iko chini ya ndizi."

"Basi fungua tuone. Umebaki na dakika nne."

Thadeus alitazama mafundo ya Mong'ina. Kuyafungua kungetaka watu wawili na nusu ya saa. Hakujua amvae kijana au ageuze baiskeli kuelekea sokoni, ambako angalau walimjua.

Ndipo alipomwona Persis akiinama kupita chini ya kamba, kavaa gauni lake la kanisani ingawa Sabato yao ilikuwa jana, Jumamosi.

"Hizo ndizi ni za nini?" akauliza.

"Ilikuwa inanitupa, Mama Walter. Ikiwa tupu inanitupa."

Persis alimtazama yeye, akaitazama mikungu, kisha akamgeukia kijana. "Huyu ni namba sitini na moja. Hiyo namba nilifunga mimi mwenyewe jana jioni, jua likishatua."

"Lakini mimi sioni namba, mama."

Persis hakubishana naye. Alikunja pindo la gauni, akazunguka nyuma ya baiskeli, akaweka viganja viwili kwenye ndizi, pale pale alipokuwa akiviweka mwaka ule wa kwanza wa ndoa yao, Walter akiwa mgongoni, walipokuwa wakipanda milima hii wawili.

"Twende," akasema.

Thadeus alishika usukani. Hakujua kama mtu anayesukumwa huhesabiwa, wala kwa nini anayemsukuma awe huyu, aliyesema baiskeli iende Jumatatu. Alihisi tu uzito ukija kutoka nyuma, na gurudumu likaanza kuzunguka. Kijana alibaki na bendera yake nusu juu, hajaishusha wala hajaiinua, akiwapisha waelekee mstarini.