Jigi ya Glenys

Tangu apigwe na kiharusi, Glenys Pascoe alikuwa amejifunza upya kufunga vifungo, kumenya viazi na kuendesha gari kwa kutegemea mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwepo, lakini kama mgeni mvivu: upo tu, unamtazama mwenzake akihangaika.

Kilichomkaa rohoni ni useremala. Meza waliyolia chakula, yeye na mumewe Kel, aliiunda mwenyewe kwa patasi na nyundo, na patasi haina msamaha kwa mtu wa mkono mmoja. Kwa hiyo shoga yake Lina alipomweleza habari za jigi, alitega sikio. Ni kifaa cha kuongoza keekee, Lina alisema, itoboe shimo la mshazari nyuma ya ubao. Skrubu inapita humo na kuuvuta ubao wa pili, na mbele hakuonekani kitu.

Jumamosi, mvua ikiunyeshea mji wa Burnie, Glenys na Kel wakaenda dukani. Jigi zilikuwa za aina tatu. Ndogo ya plastiki ilikaa kiganjani, na hubanwa kwa jiliwa, kibanio cha kukazwa kwa mkono. Ya pili ilikuwa ya chuma, nayo pia hubanwa kwenye ubao kwa jiliwa. Ya tatu ilikuwa kubwa, ya kufungwa juu ya meza, na ilikuwa na wenzo wa kubania mbele.

"Anza na hii ndogo," Kel alisema. "Mtu hajifunzi kuogelea kwa kuruka baharini."

"Mimi nilishajifunza kuogelea, Kel. Mkono ndio umesahau."

Muuzaji, dada mmoja mcheshi, aliwapa kipande cha msonobari na keekee wajaribu. Glenys akaipachika ile ndogo. Alipojaribu kukaza jiliwa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia, jigi iliteleza ikaanguka sakafuni. Kel akainama haraka, akaiokota.

"Mimi nitakushikia, mke wangu. Kila mara ukitaka kutoboa, niite."

Alisema kwa mapenzi matupu, na hapo ndipo neno hilo lilipomchoma. Glenys aliona miaka yake ijayo karakanani: kuita, kusubiri, kushukuru.

"Kel, mpenzi, hebu nenda kaangalie rangi za ua."

"Ua tulishaupaka."

"Basi kaangalie kama zimependeza."

Kel alicheka, akaenda. Glenys akausimamisha ubao ndani ya ile kubwa na kusukuma wenzo kwa kiganja cha kulia. Ubao ukabanwa kisawasawa. Akauachia wenzo, akachukua keekee, akatoboa. Vumbi la mbao likamwagika, likanukia utomvu. Akautoa ubao, akapitisha kidole shimoni.

"Wengi wanaoanza hawachukui hiyo," muuzaji alisema.

"Na mimi naanza," Glenys alijibu. "Nifungie."

Kazi ya kwanza ilikuwa benchi la mlango wa nyuma, la kukalia mtu akivua buti za matope. Haikwenda kama maji. Alisahau kurekebisha kina cha keekee kulingana na unene wa ubao, skrubu ikachomoza juu, mahali pa makalio hasa. Akaufungua ubao ule, akaukata uwe mguu wa ndani, akaanza upya. Kel alisikia keekee kutoka jikoni, mara ikiunguruma, mara kimya, naye akajizuia kwenda. Aliitwa mara moja tu, kuja kukalia.

Alikaa, akajitingisha kulia na kushoto. Benchi halikulia.

"Mbona mguu mmoja una tundu?"

"Usiulize. Vua buti."

Lina alipokuja na keki za nazi, walikaa watatu juu ya benchi lile, wakinywa chai mvua ikipungua. Glenys alikuwa tayari anazungumzia kabati la vyombo.