Gongo Iliyojipika

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kupika gongo ilikuwa jela moja kwa moja. Ndiyo maana mgambo walipoliburura pipa kutoka uvunguni mwa kitanda cha Modesta, roho yake ilikuwa mkononi. Watoto angewaachia nani, na baba yao alishatokomea Turiani kwenye miwa? Akasimamishwa mbele ya kamati ya kijiji. Nusu yao walikuwa wateja wake, lakini leo walimtazama utadhani hawajawahi kumwona.

Mfa maji haachi kutapatapa. Modesta akakumbuka darasa la watu wazima, Mwalimu Agustino aliposema wataalamu wa nje wana redio yenye sinia kubwa la chuma, wanaitega mbinguni, na wamenasa mlio wa kilevi kwenye mawingu ya baridi huko kati ya nyota. Hakuna aliyekipika. Hewa za huko hugandia kwenye vumbi, zikaungana gizani, kikawa kilevi, basi.

“Ndugu Mwenyekiti,” akasema, “mimi sikupika. Imejipika.”

Kamati ikacheka hadi ikakohoa. Modesta hakucheka.

“Uvunguni mwangu kuna giza, kuna vumbi, na baridi ya huku milimani mnaijua. Muulizeni Mwalimu.”

Mwalimu akaitwa. Maskini, naye alikuwa akinywa kwa Modesta, tena kwa mkopo. Mwenyekiti Yakobo akamkazia macho: kilevi kinajipika au hakijipiki?

“Huko juu kinajipika,” Mwalimu akajibu kwa unyonge. “Ila huchukua miaka mingi mno.”

“Nyumba yangu ni ya zamani,” Modesta akadakia. “Aliijenga bibi.”

Hapo ikawa kazi. Chama kimesema kila mtu asome; sasa nani ajitie kimbelembele cha kubishana na elimu? Wakanong’ona, wakaonja kielelezo cha pipani, wakanong’ona tena, wakaonja. Mwishowe Yakobo akainuka, macho mekundu, akatangaza kwamba Ndugu Modesta hana kosa. Modesta akapiga vigelegele.

“Lakini,” Yakobo akaendelea, “kisichopikwa na mtu hakina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe ni mali ya kijiji. Kila Jumamosi kamati itapita kuchukua kilichojipika.”

“Na kisipojipika?” Modesta akauliza.

“Basi tutajua kwamba hii ya leo uliipika wewe.”