Siku Jabiri Alipomsahihisha Boni

Jabiri alikuwa mtu wa kusahihisha wenzake. Ukimwelekeza njia, atakuonyesha iliyo fupi zaidi. Mwadhini akivuta pumzi mahali pasipostahili, Jabiri ataguna safu ya mbele msikiti mzima umsikie. Na kila Jumapili mchana, kwenye kibanda cha video pale Kigera, Musoma, alikaa kiti cha mbele kabisa ili amsahihishe Boni.

Boni ni Boniphace wa Bunda, aliyekuwa akitafsiri tamthilia ya polisi ya nchi za watu. Lugha yenyewe aliijua nusu, lakini nani alijali? Alizima sauti ya wenyewe, akashika kipaza sauti, akasimulia ya kwake. Mpelelezi akaitwa Inspekta Mugeta, wauaji wakatokea vijiji vinavyojulikana, na kibanda kizima kikabishana naye.

"Unaongopeaga watu, Boni!" Jabiri alikuwa akisema. "Bastola haishikwi hivyo."

Mlangoni, Siwema, mama Hasna, alikaanga furu na kusikiliza. Jabiri akipita alimwinamia kidogo. "Shemeji, Mungu akuzidishie subira."

"Amina," Siwema alijibu, akageuza samaki.

Mumewe, Hasani, alikuwa fundi wa mitumbwi wa Kitaji. Usiku wake wa mwisho alimwambia mkewe, "Nimeona mashine ya mtumbwi ya wizi kwa rafiki yangu Jabiri. Nimempa nafasi airudishe mwenyewe. Nikitoka Butiama kuangalia mbao, kama hajairudisha, naenda polisi." Kutoka Butiama aliletwa amefunikwa shuka. Wakasema ameanguka na pikipiki. Jabiri alilia kuliko ndugu wa damu, akaapa kwamba kutwa nzima alikuwa Bunda.

Siwema aliomba amwoshe mumewe kwa mikono yake, na shekhe akasema mke anaruhusiwa. Ndipo alipoona. Kisogo kilikuwa kimepasuka, lakini kofia ngumu iliyoletwa pamoja na maiti haikuwa na mkwaruzo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwa grisi mbichi, mpaka chini ya kucha. Hasani alitoka nyumbani na udhu wake, mikono safi. Pikipiki iliokotwa mtaroni, cheni ikiwa mahali pake, kwa hiyo hakuna aliyeifikiria cheni. Siwema aliifikiria. Alisugua kidole kimoja kimoja kwa sabuni huku akiona mbele yake kama anavyoona maji kwenye beseni: mume wangu alichuchumaa kurudisha cheni iliyochomoka, na mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

Polisi wakamwambia ni ajali, mama, kubali kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu aliikubali. Ya Jabiri aliikataa. Alikaa eda yake yote kimya, na katika kila sijda aliomba dua moja tu, wala haikuwa ya subira.

Alipotoka eda akasikia kituoni kumehamia mpelelezi mpya, mwanamke, Agness. Akaenda kumweleza habari ya grisi. Agness alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mama. Lakini maiti imeshaoshwa na kuzikwa. Nahitaji mtu aliyekuwepo aseme."

"Aliyekuwepo ni mmoja."

"Basi huyo hatasema."

"Humjui," Siwema alisema. "Huyo hawezi kuvumilia jambo lisimuliwe vibaya."

Boniphace hakutaka kabisa. "Mama Hasna, unataka na mimi nizikwe? Na sehemu ya wiki hii muuaji anamuua rafiki yake ndani ya gari, mvua inanyesha. Nitaitoa wapi pikipiki?"

"Usiitaje pikipiki. Wala barabara ya Butiama usiitaje. Sema fundi ameuawa na rafiki yake njiani. Kisha ukosee."

"Nikosee nini?"

"Kila kitu. Wewe kukosea hakukushindagi."

Boniphace akacheka bila kupenda. Mtumbwi wa baba yake aliuunda Hasani. Akakubali.

Jumapili ile kibanda kilijaa. Agness alikaa katikati ya wanawake, amejitanda khanga, anakula furu na kutema miiba kama mzaliwa wa hapo. Kwenye televisheni mvua ilipiga kioo cha gari.

"Fundi huyu," Boniphace alianza, "alikuwa ameona wizi wa rafiki yake. Rafiki akamvizia njiani. Fundi akamwona anakuja! Wakashikana! Rafiki akatoa nyundo, akampiga usoni!"

"Aah!" Jabiri alijizungusha kitini. "Boni bwana! Mtu akikuona unakuja na nyundo si atakimbia?"

"Alimwona, wakapigana. Fundi alikuwa dhaifu, analia kama mtoto."

"Dhaifu wapi? Fundi ana mikono kama miti! Huwezi kupigana na mtu kama huyo. Unamngoja ageuke."

"Mimi ndiye msimuliaji, Jabiri! Fundi alikuwa amesimama..."

"Hakusimama, alichuchumaa! Cheni imechomoka, anairudisha, mkono mmoja uko kwenye grisi. Hapo ndipo unapiga. Na si nyundo, spana."

Watu walicheka. Agness akauliza kizembe, mdomo umejaa samaki, "Lakini kaka, kofia si ingemkinga?"

"Kofia ameitundika kwenye usukani, dada! Nani anatengeneza cheni na kofia kichwani? Unamvalisha baadaye."

Siwema aliepua karai, akaliweka chini. Akaingia ndani, mikono ikinuka mafuta.

"Jabiri," alisema. "Kwenye picha kuna gari. Hiyo cheni umeiona wapi?"

Kicheko kikakatika. Jabiri akatazama televisheni, akamtazama Boniphace, kisha akamgeukia mjane.

"Shemeji, nimedhani... si habari ya marehemu? Kila mtu anajua alianguka na pikipiki."

"Kila mtu anajua alianguka. Cheni ilikutwa mahali pake. Grisi niliiona mimi peke yangu, nikaitoa kwa sabuni. Na wewe uliiona wapi?"

Jabiri alisimama. Agness naye alishasimama, khanga imemdondoka mabegani, anajitambulisha. Jabiri alipoona mlango umezibwa na watu, kiburi chake kikavunjika.

"Angenyamaza tu!" alifoka. "Nilimbembeleza, mashine moja tu, anyamaze! Akajifanya mtume!"

Mdomo ukawa umeponza kichwa. Viti vikaanguka. Mtu akamshika shati, mwingine akaitisha petroli, mwingine tairi, na Agness peke yake hakuwaweza. Siwema ndiye aliyejitupa mbele ya Jabiri, akanyoosha mikono.

"Asiguswe!"

"Mama Hasna, amekuulia mume!"

"Najua alichoniulia. Mkimchoma leo, kesho mtamwosha, mtamswalia, mama yake mtampa pole. Nyie mnataka kumpumzisha. Mimi nataka azeeke, kila asubuhi aamke akumbuke. Mtu asininyang'anye hiyo."

Wakarudi nyuma. Jabiri alianguka magotini, akashika upindo wa baibui lake. "Shemeji, nisamehe kwa ajili ya Mungu. Kusamehe ni bora, kumeandikwa."

"Kumeandikwa," Siwema alisema, akiuvuta upindo wake. "Na haki yangu nayo imeandikwa. Mungu akiniuliza kwa nini nilichagua hii, nitamjibu mwenyewe."

Kesi ikaanza kusikilizwa Musoma mjini. Kila ilipotajwa, Siwema alifika lango halijafunguliwa, akakaa benchi ambalo Jabiri akipanda kizimbani hana pa kutazama isipokuwa hapo. Hakulia, hakumtukana. Alimtazama tu, tasbihi ikipita vidoleni. Jabiri akakonda. Mwishowe akamtuma wakili wake aombe yule mama akae nyuma, kwamba anamkosesha mteja wake usingizi.

Jaji akasema mahakama ni ya watu wote, akae anapopenda.

Siwema akainuka, akakusanya baibui lake, akasogea benchi la mbele zaidi.