Kijivu Kinachotazama Mlango

Jicho, mtayarishaji wa picha, alikuwa ameshawaambia wote pale kwenye kiwanda cha uchapaji kwamba kijivu cha kumtoa jasho hakijazaliwa. Kwenye skrini, alieleza, kijivu ni mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu uliopatana. Ukikipeleka mashineni hivyo hivyo, kompyuta inakigawia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na mweusi. Mmoja ukizidi kidogo tu, mzee wa watu pichani anatoka na mashavu ya nyanya. Dawa ni kukiweka kwenye wino mweusi peke yake.

"Mambo ya chekechea hayo," alimalizia.

"Mdomo wako ungekuwa mashine, mwanangu, majirani wangeshafunga viwanda vyao," alijibu fundi mashine.

Jumanne asubuhi ikafika zamu ya kijitabu cha kumbukumbu ya mama yake Jicho, aliyefariki miezi mitatu kabla. Jalada zima lilikuwa picha moja ya kijivu. Jicho, kwa haraka zake, akasahau kuiweka kwenye mweusi. Nakala ya majaribio ikatoka na wino wote wanne: kijivu chenye wekundu kwa mbali, na mama anapumua. Kola ya blauzi ilikuwa ikipanda na kushuka.

Fundi akainama na lenzi. "Majenta imezidi. Asilimia tatu hivi."

Jicho akatoa nyingine, ya mweusi mtupu. Kijivu safi kama saruji. Mama katulia, anatazama kamera. Akaisogeza kando. Alimtaka yule anayepumua. Tatizo, yule macho yake yalikuwa pembeni, mlangoni.

"Mama, niko huku," akanong'ona.

Mama hakugeuka. Basi Jicho akaenda kusimama mlangoni, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kuulizia kazi. Mama akayapitisha macho juu ya bega lake hadi barabarani, kwa adabu, kama unavyompita mgeni wakati unamngoja mtu wako.

"Anamngoja nani?" fundi akauliza.

"Nitajuaje? Mimi siku ya mwisho nilikuwa naye. Nilimshika mkono mpaka akakata roho."

Saa nne akaja mama mdogo, aliyemuuguza marehemu dada yake, kukagua kazi. Akavaa miwani, akazilaza nakala zote mbili mezani, akagusa ile yenye wekundu.

"Hii ndiyo yeye. Hivi hivi siku ile, macho mlangoni tangu asubuhi. Kila viatu vikilia koridoni ananiuliza, ndiye? Namwambia mwanao yuko njiani, dada, kazi zimembana." Akavua miwani. "Msimrekebishe. Mtoe nakala mia tatu."

Jicho alikuwa ameishika lenzi, anakagua upande wa meza usio na kitu.

Fundi akawasha mashine. Mia tatu zikaanza kushuka, moja juu ya nyingine, zote zinapumua, zote zimegeukia mlango. Akaziweka sawa kwa viganja.

"Na huo mkono ulioushika," akauliza bila kuinua kichwa, "ulikuwa wa nani?"